Steringi naye anavunjika mguu: makosa ya vijana wanaoshuti muvi kwa simu Shinyanga na Geita

Jumapili mchana, ibada zimeisha na mechi bado, ndiyo saa yao. Ukipita pembezoni mwa Kahama, Katoro au Geita mjini utawakuta: vijana watano au sita, simu moja yenye kamera nzuri, bodaboda ya kuazima, bunduki ya kuchonga kwa mti, na mmoja wao amelala chini kapakwa kitu chekundu. Bajeti hakuna. Dairekta ni yule mwenye simu. Kinachowakusanya ni urafiki, pamoja na ndoto kwamba klipu moja ikishika mtandaoni mambo yatabadilika.

Ndoto hiyo si ya kuchekwa. Steven Kanumba, pengine jina kubwa kuliko yote katika Bongo Movie, alizaliwa Shinyanga mwaka 1984. Na simu ya kawaida ya leo inatoa picha safi kuliko kamera nyingi za video zilizotumika kushuti muvi zilizouzwa kwa kanda na CD enzi zile.

Tatizo liko kwenye kile wanachokipenda zaidi: kupigana, kuruka, kufukuzana, moto, risasi. Kila aliyekulia kwenye kibanda umiza anajua kwamba "steringi hafi". Kwenye muvi kweli hafi. Ila anayemwigiza ni mtoto wa mtu, mifupa yake ni kama ya wenzake, na Jumatatu asubuhi anatakiwa kurudi karashani, dukani au darasani.

Yafuatayo ni makosa yanayojirudia, na namna ya kupata sini ile ile bila kumpeleka mtu hospitali.

Paa la mita 3

Kuruka kutoka juu ndiyo sini inayowavuta wengi, na ndiyo inayodanganya zaidi. Paa la nyumba ya kawaida lina kama mita 3 kutoka chini. Mtu akiruka kutoka hapo anafika ardhini kwa kasi ya takribani kilomita 28 kwa saa, na yuko hewani chini ya sekunde moja. Akiruka kutoka mita 6 anafika na kasi ya karibu kilomita 39 kwa saa. Ni kama kuanguka kutoka kwenye bodaboda inayotembea, tofauti ni kwamba hapa umejirusha mwenyewe.

Wengi huweka godoro. Godoro moja la sponji linabonyea lote kabla mwili haujasimama, na kinachobaki chini yake ni udongo wa mbuga wa Shinyanga, ambao kiangazi unakauka na kuwa mgumu kama sakafu. Wataalamu wa kazi hii huangukia mfuko mkubwa wa hewa, au rundo refu la maboksi matupu yanayopondeka taratibu, ili mwili upunguze mwendo kidogo kidogo. Na bado hufanya mazoezi kwa muda mrefu kabla ya kamera kuwashwa.

Kwa vijana wasio na vifaa hivyo jibu ni kuikata sini vipande. Kipande cha kwanza, steringi amesimama juu ya ukuta mfupi usiofika kiunoni, simu iko chini kabisa inamwangalia kwa juu, nyuma yake ni mbingu tupu. Hapo mtazamaji hajui kama ni ukuta au ghorofa. Cha pili, sura yake akishusha pumzi. Cha tatu, miguu inatua kwenye vumbi, na miguu hiyo imeruka kutoka kwenye stuli. Ubongo wa mtazamaji unaunganisha wenyewe. Hata muvi kubwa zinaishi kwa ujanja huu, na hakuna anayeenda kupima urefu wa ukuta.

"Turudie mara moja tu"

Jackie Chan hahitaji kutambulishwa Kanda ya Ziwa. Mwaka 1986, wakati akishuti "Armour of God" katika iliyokuwa Yugoslavia, alitakiwa kuruka kutoka ukutani na kushika tawi la mti. Mara ya kwanza ilikwenda vizuri. Hakuridhika, akarudia. Mara ya pili tawi lilivunjika, akaangukia mawe, fuvu likapasuka na ikabidi afanyiwe upasuaji wa kichwa. Anguko lenyewe halikuwa refu ukilinganisha na mengine aliyokwisha kufanya.

Kwa kikundi cha marafiki, kurudia kuna hatari zaidi, kwa sababu sini ngumu huachwa hadi mwisho wa siku. Jua linazama, mwenye bodaboda anapiga simu anaitaka, njaa imeanza, na watu wanafanya haraka. Afadhali sini ya hatari ishutiwe asubuhi, watu wakiwa wameshiba na wana nguvu, na iwe siku ya mwisho ya kazi badala ya siku ya kwanza. Steringi akiteguka kifundo siku ya kwanza, muvi imeishia hapo.

Kingine ni aibu. Kijana akishasema mbele ya wenzake kwamba ataruka, kurudi nyuma kunakuwa kugumu, hasa kama kuna wasichana au watoto wa mtaani wanaangalia. Vikundi vyenye akili vinakubaliana mapema: mtu yeyote akisema "kata", hata aliyeshika maji ya kunywa, kazi inasimama na hakuna kumcheka.

Ngumi ya uongo ina jiometri yake

Pambano la wanaoanza linajulikana haraka. Ama ngumi zinapita mbali hadi mtazamaji anaona pengo, ama zinafika kweli na baada ya dakika mbili mchezo unageuka ugomvi.

Siri iko kwa aliyeshika simu. Akisimama nyuma ya bega la mmoja, ngumi inayopita sentimita 30 mbele ya uso wa mwenzake itaonekana imefika, kwa sababu kutoka upande huo kamera haioni umbali uliopo kati yao. Akisimama pembeni, kila kitu kinaonekana. Halafu kazi kubwa si ya anayepiga. Ni ya anayepigwa: kichwa kigeuke kwa wakati wake, mate au maji yatoke, mwili uyumbe. Mlio wa ngumi unawekwa baadaye. Kupiga kiganja juu ya gunia la mahindi kunatosha kabisa.

Mapigo yahesabiwe kama ngoma: moja, mbili, tatu, dondoka. Wafanye polepole mara kumi kabla ya kuongeza kasi. Panga la kweli, hata butu, libaki nyumbani. Panga la boksi lililopakwa rangi ya fedha linaonekana vizuri likipita haraka. Na kama ni sini ya kunyonga au kujinyonga, kamba yenye fundo la kweli haiwekwi shingoni kwa mtu yeyote, hata kwa sekunde tano.

Bodaboda: polepole barabarani, haraka kwenye simu

Kufukuzana kwa pikipiki ni kama sharti la muvi za huku. Kosa ni kuendesha kwa kasi kweli, mpiga picha kakaa kinyume nyuma ya pikipiki ya mbele, mkono mmoja na simu, helmeti hakuna, kwenye barabara ya lami yenye malori ya mizigo.

Kasi inayoonekana na kasi yenyewe ni vitu viwili. Pikipiki ikienda kilomita 20 kwa saa kwenye njia ya vumbi, simu ikiwa chini karibu na ardhi na vichaka vikiwa karibu na lenzi, itaonekana inakimbia mno. Wakati wa kuediti kipande kinaongezwa kasi kidogo. Vumbi la Shinyanga lenyewe ni mapambo ya bure. Sini ya kuanguka inafanywa pikipiki ikiwa imesimama: gurudumu linazunguka angani, mtu anabingirika kutoka pembeni, kata.

Damu ya ng'ombe na somo la Kampala

Kwa wafugaji kama Wasukuma, damu ya ng'ombe haitafutwi mbali. Siku ya machinjio ipo, na ni bure au karibu na bure. Ndipo watu wanapokosea.

Kikundi maarufu kuliko vyote Afrika Mashariki kwa muvi za mapigano zisizo na bajeti kilijifunza hilo kwa maumivu. Ni Ramon Film Productions ya Isaac Nabwana, kwenye mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, wanaojulikana duniani kwa jina la Wakaliwood. Muvi yao "Who Killed Captain Alex?" ya mwaka 2010 inatajwa kutengenezwa kwa kama dola 200 tu za Marekani, au hata chini ya hapo. Bunduki zao nzito ziliundwa kwa vyuma chakavu na fundi wao, Dauda Bisaso. Kompyuta ya kuediti Nabwana aliiunganisha mwenyewe kwa vipuri vilivyotumika.

Mwanzoni walitumia damu halisi ya ng'ombe. Wakaacha baada ya kupata ugonjwa wa brusela, ule ule unaowapata watu kwa kunywa maziwa mabichi au kugusa damu na majimaji ya mnyama mwenye maambukizi. Homa yake inakwenda na kurudi, viungo vinauma, na ni rahisi kuidhania malaria. Wakahamia kwenye rangi ya chakula, ambayo hujazwa ndani ya kondomu za bure zinazopasuka kifuani mwa mwigizaji na kutoa damu ya kutosha.

Huku nyumbani damu ya uongo inapikwa jikoni. Sukari na maji hadi vizidi kuwa vizito, rangi nyekundu ya chakula, na kijiko kidogo cha kakao au majani ya chai yaliyokolea ili isiwe nyekundu kama soda. Juisi nzito ya choya nayo inafanya kazi. Isiwekwe karibu na macho, na mashati ya kuazima yasitumike, kwa sababu haitoki.

Petroli haingoji kiberiti kifike

Hapa hakuna mzaha. Mtu anamwagia petroli gari bovu au tairi, anarudi hatua tatu, anawasha. Kinachowaka kwanza si ile petroli iliyomwagika. Ni mvuke wake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama maji na unaweza kuwa umeshafika miguuni mwa anayewasha kabla hajapiga njiti. Nguo za nailoni na jezi za mpira zinayeyuka na kugandia ngozi. Kiangazi, kati ya Juni na Septemba, nyasi zimekauka na upepo upo, hivyo moto wa sini moja unaweza kuondoka na shamba la mtu.

Programu za kuediti za bure kwenye simu zina moto na moshi wa kubandika juu ya picha. Ni kweli, unaonekana wa uongo. Wa Wakaliwood pia ulionekana wa uongo, na watu duniani kote waliupenda hivyo hivyo.

Ukanda wa dhahabu una hatari nyingine ambayo haipo mikoa mingi: baruti. Kwenye machimbo madogo mabaki ya nyaya na vifaa vidogo vya kulipulia huweza kuokotwa na mtu yeyote. Vinaonekana kama vitu vya kuchezea, lakini kile kidogo chenye umbo la kalamu kinaweza kuondoka na vidole au macho. Hakiguswi, hakiletwi kwenye muvi, na sheria haimruhusu asiye na kibali kuwa nacho. Ukikiona mwambie msimamizi wa mgodi au polisi.

Bunduki "isiyo na risasi"

Machi 31, 1993, Brandon Lee, mtoto wa Bruce Lee, alikufa baada ya kupigwa risasi wakati wa kushuti "The Crow" huko North Carolina, Marekani. Kipande cha risasi kilikuwa kimebaki kwenye mtutu bila mtu kujua. Ilipofyatuliwa risasi ya baruti tupu, kile kipande kilisukumwa na kutoka kama risasi ya kweli. Miaka tisa kabla, mwigizaji Jon-Erik Hexum alijiwekea kichwani bastola yenye risasi za baruti tupu kwa utani na kuifyatua. Nguvu ya mlipuko huo ilitosha kumuua. Na Oktoba 21, 2021, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa New Mexico wakati wa maandalizi ya sini ya "Rust".

Hao walikuwa na wataalamu na bajeti. Huku silaha inayoweza kuingia kwenye muvi ya marafiki ni gobore la mjomba. "Halina kitu" ni maneno ambayo hayatoshi, kwa sababu hata baruti na kitambaa bila gololi vinaua mtu aliye karibu. Bunduki ya mti, ya bomba au ya boksi ndiyo pekee. Mwako wa mdomoni unabandikwa kwenye simu.

Ila hata ya mti ina shida yake, na hiyo ndiyo inayofuata.

Usipige yowe la "mwizi!"

Kuna hatari ambayo video za kufundisha filamu za Ulaya hazitaitaja, kwa sababu haiko kwao. Ni watu wanaopita.

Chukua sini ya kawaida: majambazi wawili wenye bunduki wanamvamia mnunuzi wa dhahabu na kumkimbiza. Simu imefichwa mbali ili picha ionekane ya kweli. Katika mji ambao watu hubeba fedha na dhahabu mifukoni na wizi wa silaha unajulikana, anayepita hatajiuliza kama ni muvi. Atakimbia, atapiga simu polisi, au atapiga kelele. Neno "mwizi" likishatoka kinywani mwa mtu mmoja kwenye umati, maelezo hayasikilizwi tena. Magazeti yana msemo wake wa kudumu, "wananchi wenye hasira kali", na kila msomaji anajua habari hiyo inaishaje.

Vijijini Usukumani ni kali zaidi. Sungusungu, ulinzi wa jadi ulioanzia maeneo ya Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, unaendeshwa na yowe. Mwano ukipigwa, kila mwanamume anayeusikia anatakiwa kutoka na silaha yake na kukimbilia unakotokea. Binti anayeigiza kutekwa, akalia kwa nguvu ili sauti isikike vizuri kwenye simu, anaweza kuwa amewaita wanaume wa kijiji kizima wenye mikuki na mapanga. Na wao wanatimiza wajibu wao.

Hali hiyo hiyo inahusu muvi za uchawi, ambazo vijana wa huku hupenda kuzitengeneza. Shinyanga na Geita ni mikoa ambako vikongwe wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, wakati uwekundu huo unaweza kutokana na moshi wa miaka mingi jikoni. Kumchukua bibi wa jirani akacheze mchawi, kisha klipu ikasambaa bila maelezo kwamba ni maigizo, ni jambo la kufikiria mara mbili. Muvi itasahaulika mwezi ujao. Bibi ataendelea kuishi pale pale.

Namna ya kujikinga haina gharama kubwa. Mwenyekiti wa mtaa au kitongoji aambiwe siku moja kabla, na kiongozi wa sungusungu naye. Kituo cha polisi kipewe taarifa kama kuna sini ya silaha. Siku yenyewe awepo mtu mmoja ambaye haigizi wala hapigi picha. Kazi yake ni kusimama njiani na kusema, "Ni muvi, jamani." Kelele zirekodiwe peke yake chumbani na kuunganishwa baadaye. Silaha zisibebwe wazi wakati wa kwenda na kurudi, maana nje ya sini hakuna anayejua ni maigizo.

Sare nazo ni hatari. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku 7 kwa raia waliokuwa na sare za jeshi, au mavazi yanayofanana nazo, wazisalimishe. Suruali ya mabakamabaka ya mnadani inatosha kukuingiza kwenye maelezo marefu. Na kwa kazi inayoitwa filamu kweli, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali, na msimamizi ni Bodi ya Filamu Tanzania. Pa kuanzia kuuliza ni kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Wanaotaka kurusha droni wajue kwamba Mamlaka ya Usafiri wa Anga nayo inahusika.

Duara si lokesheni

Kila ukanda una mandhari yake. Wa Pwani wana bahari, wa Geita na Kahama wana maduara. Giza, matimba, tochi kichwani, jasho na dhahabu: hadithi imejiandika yenyewe. Ndiyo maana vijana hushawishika kushuka na simu kwenye duara lililoachwa, wakiamini kwamba kwa kuwa hakuna anayechimba, hakuna hatari.

Ni kinyume chake. Duara linalofanya kazi lina watu wanaokagua matimba, wanaovuta maji na kusukuma hewa. Lililoachwa halina. Mbao zimeoza, mvua imelainisha kuta, na chini hewa inaweza kuwa imeisha. Kama kuna pampu ya petroli iliyokuwa ikifanya kazi humo, moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasikia usingizi, anakaa chini, basi. Mwenzake anashuka kumsaidia na yeye anabaki huko huko.

Historia ya eneo hili inatosha kuogopesha. Oktoba 2015 kifusi kilifunika wachimbaji kwenye mgodi mdogo wa Nyangalata, Kahama. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa kula mende na vyura na kunywa maji machafu yaliyokuwa yakipenya. Mmoja wao alifariki baadaye hospitalini. Januari 2017 huko Nyarugusu, Geita, watu 15 walifukiwa na kuokolewa wote wakiwa hai baada ya siku kadhaa. Hao walijulikana wako wapi, na wenzao waliokuwa juu walijua kuchimba. Kikundi cha muvi kilichoshuka Jumapili bila kumwambia mtu hakina hata hilo.

Sini ya duara inatengenezwa juu, usiku, kwenye chumba kitupu au uani. Turubai jeusi ukutani, viroba vya udongo vimepangwa pande mbili vikaacha njia nyembamba, magogo mawili ya kuigiza matimba, tochi ya kichwani iwe taa pekee. Vumbi litokane na udongo uliochekechwa na kurushwa polepole. Unga usitumike karibu na koroboi, kwa sababu vumbi la unga hewani linashika moto. Sauti ikihitaji mwangwi, mwigizaji aseme maneno yake akiwa ameinamia pipa tupu. Sini ya nje, kwenye mdomo wa duara, ishutiwe kwa mbali kwa ruhusa ya msimamizi, na mtu asikaribie ukingo kwa kurudi kinyumenyume na simu usoni. Kurudi kinyumenyume kwa mpiga picha ni chanzo cha ajali kisichosemwa sana. Mwenzake amshike kiunoni.

Maji ya machimboni yasidanganye mtu. Bwawa kwenye eneo la kuchenjulia linaweza kuwa na sayanaidi, na matope ya marudio yanaweza kuwa na zebaki. Hakuna anayezama humo kwa ajili ya sini, hakuna anayejipaka tope lake usoni. Na uzio wa migodi mikubwa kama wa Geita au Bulyanhulu una walinzi ambao hawako kwenye skripti.

Ngoma za nyoka nazo huwavutia vijana, kwa kuwa Wasukuma wana vikundi vya jadi vya kucheza na nyoka hai. Wale hufundishwa miaka. Kumwazima nyoka kwa mchana mmoja hakumpi mtu mafunzo hayo.

Makosa yasiyovunja mfupa

Haya ni mengi, na karibu wote huanza nayo. Sauti ndiyo inayoongoza: upepo wa mbugani unameza maneno yote, na simu iko mita 5 kutoka kwa anayeongea. Simu ya pili mfukoni mwa mwigizaji, ikirekodi sauti tu, inasaidia kuliko kamera ya bei. Jua la saa sita linatia giza machoni, afadhali saa moja hadi saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi. Shati la steringi linabadilika katikati ya kufukuzana kwa sababu sini ilishutiwa wiki mbili tofauti. Muziki wa msanii mkubwa unawekwa chini, halafu video inashushwa mtandaoni. Mazungumzo marefu yanaandikwa na mtu ambaye hajawahi kuyasema kwa sauti.

Kubwa kuliko hayo ni kutohifadhi. Simu inajaa, mwenye simu anafuta "vipande vya zamani" ili aendelee, au inaibiwa, au inauzwa mwezi wa ada. Kazi ya miezi mitatu inaondoka nayo.

Hata Wakaliwood hawakupona hapo. Kompyuta ya Nabwana haikuwa na nafasi ya kutosha, na ilibidi afute mafaili ya "Captain Alex" ili atengeneze muvi iliyofuata. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba dunia ingeitafuta. Trela iliyowekwa YouTube mwaka 2010 ilimfanya Mmarekani aitwaye Alan Hofmanis aondoke New York na kuhamia Uganda kufanya nao kazi. Muvi nzima ilipowekwa mtandaoni mwaka 2015, nakala iliyokuwepo ni ile ya vibandani, yenye sauti ya VJ Emmie akitania na kushangilia juu ya kila risasi, mithili ya Lufufu alivyokuwa akitafsiri muvi za nje kwa Watanzania. Mamilioni wameicheka na kuipenda hivyo. Ile ya awali, isiyo na sauti yake, haipo tena popote.